Kabla hujalipia boti, mwambie muuzaji akufungulie ngama

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi hapa Northampton na mume wangu anafanya kazi ghalani. Kodi ya nyumba imetuchosha. Tumeona boti ya mferejini inauzwa, zile nyembamba za chuma, futi 57, iliyoundwa mwaka 1998. Muuzaji anasema ni nyumba kama nyumba nyingine, tofauti yake inaelea. Nimezaliwa Mwanza lakini kuogelea sijui, na mume wangu hajawahi kushika spana. Naomba unieleze siku moja ya kusafiri na boti hiyo ikoje, kutoka asubuhi mpaka usiku, na matunzo yake ni yapi. Tutaweza?"

Marahaba dada. Muuzaji wako hajasema uongo, ila amekupa nusu ya habari, ile nusu inayoonekana juu ya maji. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, mzaliwa wa Pangani, mtoto wa mtia kalafati, yule anayeziba mianya ya mbao za majahazi. Mifereji ya Uingereza nimeifanyia kazi miaka kumi na minane, na tisa katika hiyo mimi na mke wangu tunaishi botini. Nitakujibu kwa siku moja tuliyosafiri karibuni kwenye mfereji wa Grand Union, kutoka njia panda ya Gayton, hapo jirani na kwenu, hadi kijiji cha Cosgrove. Njia nzima haifiki kilomita 20, nasi tuliondoka saa tatu asubuhi tukafunga kamba saa kumi jioni. Kasi inayoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na ushei, na mara nyingi hata hiyo huifikii. Watu wanaotembea na mbwa kando ya mfereji watakupita. Hilo lizoee mapema.

Maneno mengi ya mferejini hayana Kiswahili chake, kwa hiyo nitatumia ya majahazi. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, kana ni ule mkono wa usukani, rafadha ni panga linalosukuma maji. Na ngama ni kule chini kabisa, ndani ya chombo, yanakojikusanya maji. Wahenga wa pwani walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu wengi huutumia msemo huo kumkumbusha mtu kwao. Baba yangu aliutumia kwa maana yake ya kazi: kila asubuhi, kabla ya chai, alishuka ngamani kutia mkono. Mimi nafanya hivyo hivyo kwenye chuma.

Basi siku yetu ilianzia hapo. Saa moja asubuhi niliinua ubao wa sitaha ya nyuma, chini yake ndiko iliko injini. Jambo la kwanza ni kutazama maji ya ngama: yapo kiasi gani, yana rangi gani, yananukaje. Maji safi kidogo ni mvua au matone ya shafti, nitayaeleza mbele. Maji yenye utando wa rangi kama upinde wa mvua ni dizeli au oili. Maji yenye harufu tamu tamu ni yale ya kupoozea injini, na maana yake kuna mpira umelegea mahali. Ukikuta mafuta usiwashe pampu ya ngama, maana utayamwaga mferejini, na hilo ni kosa la kisheria, tena unaua bata na samaki. Weka nepi ya mtoto pale chini. Inafyonza oili vizuri kuliko kitambaa chochote nilichowahi kutumia, na mabaharia wa huku karibu wote wana pakiti ya nepi bila kuwa na mtoto.

Halafu nachomoa kijiti cha kupimia oili, nakifuta, nakirudisha, nakitazama. Nabonyeza mkanda wa alteneta kwa kidole gumba, ukiingia ndani zaidi ya sentimita moja hivi unahitaji kukazwa. Natazama maji ya injini. Hapa kuna jambo zuri ambalo mume wako atalipenda: injini nyingi za boti hizi hazivuti maji ya mfereji. Maji yake yenyewe yanazunguka ndani ya tangi bapa la chuma lililochomelewa ubavuni mwa boti kwa ndani, na mfereji upande wa pili wa bati unayapooza. Mfereji ndio rejeta. Kwa hiyo matope na mifuko ya plastiki haviingii ndani ya injini, na injini iliyotunzwa inadumu miaka mingi sana. Oili na filta yake hubadilishwa kila baada ya saa 250 hivi za kufanya kazi, fuata kitabu cha injini yako. Ukaguzi wote huu wa asubuhi unachukua dakika kumi. Mume wako hahitaji kujua spana ili aufanye. Anahitaji tochi, kitambaa na mazoea.

Injini yenyewe hatukuiwasha mpaka saa mbili. Ukiwa umefunga kamba karibu na watu, injini haiwashwi kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Majirani hapa ni wapole, ila hilo hawalisamehe.

Mke wangu alifungua kamba ya omo, mimi nikafungua ya tezi, tukaondoka. Kuhusu kuendesha nitasema machache kwa sababu hujifunzi kwa kusoma. Kana ukiisukuma kushoto, omo inakwenda kulia. Boti inazungukia katikati yake, kwa hiyo unapokata kona tezi inatupwa upande wa pili, nawe lazima ugeuke nyuma kutazama itagonga nini. Breki hakuna. Unasimama kwa kurudisha nyuma, na ukirudisha nyuma usukani haukusikii. Ukikutana na boti nyingine, kila mmoja anashika kulia kwake. Ukipita boti zilizofungwa unapunguza mpaka mlio wa mwisho wa chini, maana maji unayoyasukuma yanang'oa vigingi vya kamba za watu na kumwaga chai zao. Na boti inapokaribia kugonga kitu, usiizuie kwa mguu wala mkono. Hizo ni tani 15 na zaidi za chuma. Wewe ni muuguzi, mfupa uliosagwa umeuona. Acha igonge.

Baada ya kijiji cha Blisworth likaja handaki. Lina urefu wa mita 2,813, halina njia ya kupita kwa miguu, na lilifunguliwa mwaka 1805. Kabla halijakamilika mizigo ilipandishwa juu ya kilima kwa reli ya magari ya farasi, ikashushwa upande wa pili kwenye boti nyingine. Enzi ya farasi, farasi alipitishwa juu kilimani na binadamu walilala chali juu ya boti wakaisukuma kwa kutembeza miguu ukutani, gizani, kutoka mlango hadi mlango. Mimi nikipita mle huwa nawakumbuka. Kuna baridi, maji yanadondoka kutoka kwenye visima vya hewa juu, na unaweza kukutana na boti nyingine mkapishana humo humo, zimebaki sentimita chache. Washa taa ya omo, vaa koti la mvua, zima sigara na chochote chenye moto wa wazi, tazama mbele badala ya kuutazama ukuta. Ni nusu saa na kidogo. Wageni wengi huogopa handaki, na bado sijamwona aliyeumia mle. Wanaoumia nimewaona kwenye loki.

Loki ndiyo nataka uisome taratibu. Ni chumba cha matofali kilichozama, chenye milango upande wa juu na upande wa chini. Ukishuka, unaingiza boti ikiwa maji yamejaa, unafunga milango ya juu, unafungua vilango vidogo vilivyo chini ya maji upande wa chini, maji yanatoka na boti inashuka nayo. Vilango hivyo hufunguliwa kwa hendeli ya chuma unayotembea nayo kiunoni. Pale Stoke Bruerne ziko saba mfululizo, zinachukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Loki za hapo ni pana, zinaingia boti mbili ubavu kwa ubavu, nasi tulingoja boti ya wazee wawili iliyokuwa nyuma yetu ili tushuke pamoja. Siyo adabu tu. Kila loki pana ikimwagwa mara moja inateremsha zaidi ya lita 200,000 za maji, na maji hayo hutoka kwenye mabwawa yanayotegemea mvua. Kiangazi cha mwaka 2025 ukame ulifunga sehemu nyingi za mifereji, watu wakakwama walipo.

Hatari yenyewe iko chini ya milango ya juu. Pale pana kizingiti cha mawe kinachotokeza ndani ya chumba, na maji yakiwa yamejaa hukioni. Kuna mstari mweupe ukutani unaoonyesha kinaishia wapi. Boti ikishuka huku tezi iko nyuma ya mstari huo, tezi inakalia kizingiti, omo inaendelea kushuka na maji, na boti inalala kama jahazi lililopwelewa kwenye mwamba. Tofauti ni kwamba jahazi lililopwelewa unasubiri maji yajae jioni. Hapa, boti inajaa maji kwa omo na inazama kwa dakika chache, watu wakiwa ndani. Kwa hiyo anayeshika kana anatazama mstari huo muda wote, boti ikae mbele yake, injini ikisaidia kuishikilia. Na anayeshika hendeli haondoki pale kwenye vilango, hapigi picha, hazungumzi na wapita njia, anamtazama mwenzake wa kana. Mkiona tezi imekamata, funga vilango vya chini mara moja, vyote. Maji yakisha simama, fungua vya juu kidogo kidogo mpaka boti inyanyuke. Mpangilio ni huo huo kila mara: funga chini kwanza. Mimi na mke wangu tumekubaliana ishara moja ya mkono kwa ajili hiyo, kwa sababu maji yakipiga kelele sauti haifiki.

Jambo lingine la hendeli: usiiache imening'inia kwenye mhimili wake. Lile jino dogo linalozuia likiteleza, kilango kinaanguka na hendeli inazunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono au kuruka usoni. Nunua hendeli mbili, moja itaangukia majini. Watu wengi hubeba sumaku yenye kamba kwa ajili ya kuiokoa.

Kwa kuwa wewe ni muuguzi, ukifika Stoke Bruerne uliza habari za Sista Mary Ward. Alikuwa muuguzi wa kijiji hicho, na kwa miaka mingi aliwatibu watu wa maboti ya mizigo hapo hapo kando ya loki, familia ambazo hazikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuwa na daktari wao. Aliwazalisha, akawafunga vidonda, akawapa ushauri. Mimi nikipita pale huwa napunguza mwendo hata kama hakuna boti zilizofungwa.

Chini ya loki saba mfereji unatulia, hakuna loki nyingine mpaka Cosgrove. Ni mashamba, mierebi na madaraja ya matofali. Mke wangu alishika kana, mimi nikapika. Chakula cha siku hiyo kilikuwa ugali na samaki wa kopo, na nilikula nimesimama karibu naye. Sitakuficha, saa hizo mbili ndizo zinazonifanya nisirudi kwenye nyumba ya matofali. Injini inalia polepole chini ya miguu, maji yanafunguka mbele yako, na huna mahali pa kuwahi.

Kisha boti ikaanza kutetemeka, kana ikawa nzito, na maji nyuma yakachafuka bila boti kwenda. Rafadha imekamata kitu. Tukasogea kando, tukafunga kamba. Nikazima injini na ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Narudia: ufunguo mfukoni mwa yule anayetia mkono, hata kama mnaaminiana. Juu ya rafadha kuna shimo lenye kifuniko cha chuma na mpira, kinachobanwa kwa skrubu kubwa. Unakifungua, unapitisha mkono mpaka majini, unapapasa. Nilitoa kipande cha zulia na kamba ya nailoni iliyojisokota, nikaikata kwa kisu chenye meno. Vaa glavu, funika vidonda, osha mikono kwa sabuni baadaye, kwa sababu mferejini kuna mkojo wa panya na ugonjwa wake ni leptospirosisi. Ni ule ule uliozuka Lindi mwaka 2022, wakauita homa ya mgunda.

Kifuniko hicho ndicho nataka mume wako akiogope kuliko injini. Mwaka wangu wa pili nilisafisha rafadha mvua ikinyesha, nikakirudisha kifuniko haraka, skrubu nikaikaza upande mmoja tu. Boti ikiwa imesimama hakuna kilichotokea, mdomo wa shimo uko juu ya usawa wa maji. Nilipoongeza kasi, rafadha ikarusha maji juu, kifuniko kikainuka, na maji yakaanza kumiminika kwenye chumba cha injini bila mimi kuyaona, maana ubao wa sitaha ulikuwa umefungwa. Aliyeniokoa ni mke wangu. Aliona maji ya pampu yakitoka ubavuni bila kukoma, akaniita. Nilipoinua ubao, maji yalikuwa yamefika kwenye stata. Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba anayefunga kifuniko si ndiye anayekihakiki. Anakuja mwingine, anatia mkono, anatikisa, kisha injini inawekwa gia kwa muda mfupi ubao ukiwa wazi, tunatazama. Boti zimezama kwa jambo hili dogo, zikiwa na injini nzima na bodi nzima.

Tulifunga kamba juu ya loki ya Cosgrove. Mbele ya hapo kuna daraja la chuma la mwaka 1811 linalobeba mfereji juu ya mto Great Ouse, unaendesha boti angani huku mto unapita chini yako, lakini hilo tuliliacha kwa kesho yake.

Mwisho wa safari ndio wakati wa grisi. Shafti ya rafadha inatoboa boti kwenda nje, na pale inapotobolea kuna glandi, kitu kama shingo iliyosokomezwa kamba zenye grisi ili maji yasiingie. Haizuii kabisa, wala haitakiwi kuzuia kabisa, ikikazwa mno shafti inapata moto na kulika. Shafti ikizunguka, matone machache kwa dakika ni sawa. Injini ikizimwa, unazungusha kile kikombe cha grisi mpaka usikie kimekuwa kizito, na matone yanakoma. Ukisahau, boti inadondosha usiku kucha, pampu inaamka, betri zinakwisha, pampu inalala, maji yanaendelea. Nimewahi kuitwa kwenye boti iliyoachwa wiki tatu hivyo, wenyewe wako likizo. Niliikuta tezi imeshuka kiasi cha maji kubakiza vidole viwili kuingia kwenye matundu ya hewa. Baadhi ya boti zina glandi za mpira zisizohitaji grisi, muulize muuzaji yenu ni ipi, na akijibu "sijui" uandike jibu hilo.

Mambo ya maji na choo nayapitia haraka. Maji ya kunywa unajaza kwenye bomba za kando ya mfereji, tangi la boti ya ukubwa huo mara nyingi ni lita mia kadhaa, kujaza kunaweza kuchukua saa nzima. Choo ama ni cha kaseti, unayobeba mwenyewe kwenda kuimwaga panapohusika, ama ni cha tangi, unalipa kunyonywa. Muuguzi hashindwi na hilo.

Umeme ndio unaowavunja watu moyo, hasa msimu wa baridi. Boti inaishi kwa betri za volti 12. Betri za kawaida za asidi zikijaa husoma volti 12.7, zikifika 12.2 zimebaki nusu, na ukizizoeza kushuka chini ya hapo zinakufa mapema. Sola mwezi wa Juni inatosha kila kitu. Mwezi wa Desemba inakupa karibu bure, na hapo unawasha injini saa kadhaa kila siku hata kama husafiri. Birika la umeme, pasi na mashine ya kukausha nywele visahau, au ujue kila kimoja kinakula nini. Birika liwekwe kwenye jiko la gesi. Gesi iwe ya propeni, butani inagoma kutoka kwenye mtungi baridi ikikaribia nyuzi 0. Mtungi unakaa kwenye sanduku lake lenye tundu la kutokea nje, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani inashuka ngamani na kungoja cheche.

Joto linatoka kwenye jiko la chuma la makaa yasiyo na moshi. Hapo niseme jambo ambalo kwetu lina vifo vyake: jiko la mkaa la kuchomea nyama lisiingizwe ndani, hata likiwa limebaki majivu ya moto tu. Kengele ya kaboni monoksidi ni lazima kwenye boti hizi tangu mwaka 2019, nunua mbili, moja iwe karibu na kitanda. Na matundu ya hewa milangoni na darini yasizibwe kwa matambara baridi ikiuma. Unatibu watu, unajua gesi hiyo inavyomlaza mtu bila kumwamsha.

Sasa bodi. Pwani kwetu jahazi lilipandishwa mchangani, likapakwa deheni chini ili wadudu wasilitoboe. Boti ya chuma nayo hutolewa majini kila miaka miwili au mitatu, ikaoshwa kwa maji ya kasi na kupakwa lami nyeusi, au rangi ya epoksi inayodumu zaidi. Kazi hii mnaweza kuifanya wenyewe, mimi na mke wangu tunaimaliza kwa siku nne. Siku hiyo mtatazama pia vile vipande vya magnesiamu vilivyochomelewa bodini. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya boti, na vikiisha boti ndiyo inayofuata. Mkifunga gati na kuchomeka umeme wa nchi kavu, hakikisheni kuna kifaa cha kuzuia mkondo wa umeme usipite kwenye waya wa ardhi, la sivyo boti yenu inaliwa na boti za majirani bila kelele.

Boti ya mwaka 1998 haikuzaliwa jana. Aghalabu ilianza na sakafu ya milimita 10 na ubavu wa milimita 6. Mlipie mkaguzi wenu wenyewe, atoe boti majini, aipime unene kwa mawimbi ya sauti sehemu nyingi. Akikuta chini ya milimita 4, kampuni nyingi za bima zitasita. Usikubali ripoti ya muuzaji. Mtahitaji pia leseni ya boti, bima, na cheti cha usalama kinachofanywa upya kila miaka minne. Cheti hicho kinaangalia gesi, umeme, mafuta na moto. Hakisemi lolote kuhusu unene wa chuma, na wanunuzi wengi hulijua hilo wakiwa wamekwisha kulipa.

Jambo moja la zamu zako. Msipokuwa na gati la kudumu, sheria ya mwaka 1995 inawataka muwe safarini kweli, msikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Kwenda na kurudi kati ya vijiji viwili hakuhesabiwi kuwa safari. Na tangu mwaka 2024 wasio na gati wanalipa leseni ya juu zaidi. Kutoka Gayton kushuka Northampton mjini kuna loki 17 nyembamba, siyo njia ya kupita baada ya zamu ya usiku. Kwa kazi kama yako, ningetafuta gati kwanza, ndipo boti.

Mnaweza? Kutojua kuogelea si kizuizi, sehemu nyingi mfereji ukitumbukia unasimama, maji ya kiunoni au kifuani. Kwenye loki na mtoni vaa jaketi la kujiokoa, kila mara. Spana nayo inafunzika, na mimi nimewafunza wengi walioanza bila kujua dizeli inawekwa wapi. Ninachohofia kwa watu ni kingine: kuchoka jioni na kusema grisi nitaizungusha kesho. Mtazamane wewe na mume wako mseme kweli ni nani atainua ubao ule asubuhi ya Januari, giza bado, barafu juu ya sitaha. Kodini boti siku tatu mwezi wa Oktoba, siyo Julai, muone.

Mkienda kuitazama hiyo boti, nendeni bila kumtaarifu muuzaji mapema asije akaikausha. Mwambieni afungue ubao wa nyuma. Tia mkono ngamani, ulete juu, unuse, upige picha ya kiganja chako na ya kikombe cha grisi. Kisha afungue kifuniko cha ngama ya ndani, huwa mwisho wa sakafu karibu na injini, mahali ambapo wauzaji hawapendi kuonyesha, uangalie kama farumi, vile vizito vya kusawazisha boti, na mbao zake ni kavu. Nitumie picha hizo kabla hujalipa hata senti ya kishika uchumba.